Saa za Kabla ya Chandarua

Boti za kwenda Mafia huondoka Nyamisati maji yanapojaa, na maji ya delta ya Rufiji hayaharakishwi na mtu. Yakikupwa, abiria hukaa. Hukaa na magunia yao ya unga, madumu ya mafuta, kuku waliofungwa miguu na watoto waliosinzia mapajani, mpaka bahari irudi kuujaza mkono wa mto. Kusubiri huko kukiangukia magharibi, mgeni hujulikana mara moja: ndiye anayejipiga makofi miguuni. Wenyeji wamekwisha jitanda kanga hadi vidoleni, na mama anayepika chai kando ya gati amekwisha tupia kishada cha majani mabichi juu ya makaa. Moshi wake ni mweupe na mzito, una ukali wa karafuu, na watu husogeza viti kuufuata bila kuambiwa.

“Mwanangu, njoo upande huu,” mama huyo aliniita. “Huko watakumaliza.”

Majani yale yalikuwa ya kivumbasi, na ndiyo yaliyonitoa Dar es Salaam. Kwa miaka mingi sasa nchi za nje zimekuwa zikiusifu mmea mwingine, Nepeta cataria, ule unaowapagawisha paka hadi wakagaagaa chini. Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa State, Marekani, walitangaza kwamba nepetalaktoni, kemikali iliyomo kwenye mafuta ya mmea huo, iliwafukuza mbu maabarani kwa nguvu ya takriban mara kumi kuliko DEET, dawa ya kujipaka inayojulikana dunia nzima. Mwaka 2021 Masao Miyazaki wa Chuo Kikuu cha Iwate, Japani, pamoja na wenzake, walionyesha kwamba paka anayejisugua kwenye majani ya matatabi, mmea wa kwao wenye kemikali ya jamii hiyohiyo, hutuliwa na mbu wachache zaidi. Mwaka huohuo Marco Gallio wa Chuo Kikuu cha Northwestern na wenzake walieleza jinsi jambo hilo linavyotokea: harufu ya Nepeta huamsha ndani ya mdudu kipokezi kiitwacho TRPA1, kilekile kinachompa habari ya kitu kinachowasha na kuumiza. Mbu hapuuzi habari hiyo. Hugeuza.

Nepeta ni mmea wa Ulaya na Asia, na njia nzima ya Kibiti sikuuona uani kwa mtu. Lakini ni wa ukoo mmoja na mnanaa, mrehani na kivumbasi, na kivumbasi hakihitaji kuagizwa kutoka popote. Kinaota kando ya barabara, nyuma ya vyoo, kwenye mipaka ya mashamba ya mihogo. Nilichotaka kuona ni namna watu wa delta wanavyokitumia, na kupima hayo kwa yale ambayo sayansi ya Afrika Mashariki imekwisha yathibitisha.

Njia ni barabara ya Kilwa. Basi hutoka Mbagala, likapita Mkuranga na Kimanzichana, likafika Jaribu Mpakani na Bungu, ambako anayekwenda Nyamisati hukunja kushoto kuelekea baharini. Mbele ya Bungu ndipo Kibiti penyewe, mji wa mikorosho, minazi na michungwa, uliokuwa ndani ya Wilaya ya Rufiji hadi ulipopata wilaya yake katikati ya muongo uliopita. Ukipita Ikwiriri unalikuta Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo magari yote ya kusini yalivushwa kwa pantoni pale Ndundu, na kulala kando ya mto kungoja zamu lilikuwa jambo la kawaida. Waliolala pale hawana haja ya kuhadithiwa habari za mbu wa Rufiji.

Mto wenyewe huzaliwa na Kilombero na Luwegu, ukapokea maji ya Ruaha Mkuu, kisha karibu na bahari hugawanyika matawi mengi mkabala na kisiwa cha Mafia. Kati ya matawi hayo kuna mikoko inayokadiriwa kufika hekta 53,000, msitu mkubwa wa mikoko kuliko wowote Afrika Mashariki. Tangu mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa limo katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Kwa mvuvi wa kamba na kaa hiyo ni hazina. Kwa mbu nayo ni hazina, tena kila jamii ya mbu imejipatia pake. Anopheles merus huzaliana kwenye maji ya chumvichumvi, palepale mikoko inapokoma. Anopheles gambiae na arabiensis hupenda vidimbwi vya jua na majaruba ya mpunga. Anopheles funestus hutaka maji yanayokaa muda mrefu, yenye majani. Na Culex, mbu wa vyoo na mitaro ya maji machafu, ni miongoni mwa wanaosambaza minyoo iletayo matende na mabusha, maradhi ambayo pwani hii inayafahamu kwa uchungu.

Delta imewahi kuwaadhibu hata wenye mizinga. Mwaka 1914 meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, ilijificha humu baada ya kuizamisha meli ya Waingereza, Pegasus, kwenye bandari ya Zanzibar mwezi Septemba. Ilikaa miezi mingi ikiwa imezungukwa na mikoko upande wa Salale, mabaharia wake wakianguka mmoja mmoja kwa malaria, hadi ilipoangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Waingereza nao walilipa. Masika ya mwaka 1917 mto ulifurika, na majeshi yao yaliyokuwa bonde la Rufiji yakabaki kati ya maji, njaa na homa. Vitabu vya vita huhesabu risasi, lakini katika bonde hili maradhi yaliangusha watu wengi kuliko risasi.

Aliyenifungua macho zaidi ni mzee mmoja wa upande wa bara wa delta, mkulima wa mpunga. Nilimkuta akikarabati dungu lake, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba. Huko ndiko familia nyingi za Rufiji huhamia mpunga unapoanza kuzaa. Mchana ni kuamia ndege. Usiku ni nguruwe, na karibu na mto ni viboko. Kati ya mwaka 2002 na 2004 walikuwa simba pia: waliua makumi ya watu wilayani Rufiji, na mashambani ni miongoni mwa sehemu walikoshambulia. Hata hivyo watu hawakuacha kulinda, kwa sababu mpunga usiolindwa usiku mmoja unaweza usiwepo asubuhi.

“Shikamoo babu.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Panda juu, ngazi hiyo inabeba.”

Chini ya dungu palikuwa na rundo la makumbi ya nazi, na juu, kwenye fito za paa, mafungu matatu ya kivumbasi yakining'inia, moja bichi na mawili makavu. Jua likikaribia kuzama, mzee huwasha makumbi, huyaacha yashike polepole bila kutoa ndimi za moto, kisha huweka kivumbasi juu yake kidogokidogo. Kikavu huanza, kibichi hufuata, maana kibichi ndicho kinachotoa harufu kali. Nilimuuliza kuhusu chandarua. Kilikuwepo, kimekunjwa vizuri kwenye pembe.

“Ninacho, na ninakitumia nikilala,” alisema. “Lakini nguruwe haji saa ninayolala.”

Jibu la mzee huyu ndilo kiini cha mambo yote niliyoyaona safari hii. Chandarua chenye dawa ni kinga bora kuliko zote tulizonazo kwa mtu aliye kitandani. Lakini tangu magharibi hadi mtu aingie kitandani kuna saa mbili, tatu, wakati mwingine nne: kupika uani, kula barazani, kusubiri boti, kuamkia wageni, kulinda shamba, kurudi baharini. Ndani ya saa hizo chandarua hakina la kufanya. Watu wa delta wamezijaza kwa majani na moshi tangu enzi za mababu, na mimi naona jambo hilo linastahili kuzungumzwa kwa heshima na kwa vipimo, badala ya kuachwa kama hadithi ya mabibi.

Vipimo vipo. Mwaka 2008 Eliningaya Kweka na wenzake walichapisha utafiti kutoka Moshi Vijijini. Waliwauliza wananchi ni mimea gani wanaitumia kufukuzia mbu, na iliyotajwa zaidi ilikuwa aina mbili za Ocimum, jamii ya kivumbasi, zikifuatiwa na mwarobaini, mkaratusi na Lantana camara. Kisha wakaijaribu mimea kwenye vibanda vya majaribio, na Ocimum ikafukuza mbu kweli. Kabla ya hapo, mwaka 2002, watafiti wa Mbita, ufukweni mwa Ziwa Victoria upande wa Kenya, walikuwa wameweka mimea hai kwenye vyungu karibu na mtu, pasipo kuchoma wala kukamua chochote. Ocimum americanum ilipunguza Anopheles gambiae kwa takriban asilimia 40. Lantana kwa asilimia 32 hivi. Mimea ile ilikuwa imesimama tu.

Utafiti unaonivutia zaidi ulifanyika Muleba, mkoani Kagera, ukachapishwa mwaka 2011. Huko kichaka cha Lantana kilipandwa kuzunguka nyumba za watu, kisha mbu wa ndani wakahesabiwa. Nyumba zenye kichaka zilikuwa na Anopheles gambiae pungufu kwa asilimia 56, na Anopheles funestus pungufu kwa asilimia 83, zikilinganishwa na nyumba zisizokuwa nacho. Ni matokeo makubwa kwa kitu kisichohitaji umeme wala duka. Hata hivyo siwezi kumshauri mtu wa Kibiti apande Lantana. Imetoka Amerika ya kitropiki, inavamia malisho na misitu, na majani yake ni sumu kwa ng'ombe na mbuzi. Tukiwa na kivumbasi, hatuna sababu ya kuongeza adui mwingine shambani.

Sasa upande wa pili, na huu usipunguzwe hata kidogo. Asilimia 40 maana yake ni kwamba mbu sita kati ya kumi wanabaki. Mmoja tu mwenye vijidudu anatosha kumlaza mtoto. Mafuta ya kivumbasi ni mepesi, huruka hewani upesi. Majani yaliyosuguliwa ngozini wakati wa magharibi huwa yamekwisha nguvu kabla ya usiku wa manane, wakati funestus ndiyo kwanza anaingia kazini. Na moshi ni moshi. Barazani unapita na upepo, lakini ndani ya chumba kilichofungwa, palipo na mtoto mchanga au mgonjwa wa pumu, ni madhara juu ya madhara. Mama wa Nyamisati anajua hivyo: jiko lake la makaa halivuki kizingiti cha mlango.

Ukitaka kuona chandarua kilifanya nini, huna haja ya kutoka Rufiji. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 mradi wa TEHIP ulisaidia halmashauri za Rufiji na Morogoro Vijijini kupanga bajeti za afya kwa kufuata takwimu za maradhi yanayoua watu wao wenyewe, na malaria ilikuwa juu kabisa. Ndani ya miaka mitano hivi vifo vya watoto katika wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Hayo yanajulikana kwa sababu kaya za Rufiji zilianza kufuatiliwa mwaka 1998, kuzaliwa kwa kuzaliwa, kifo kwa kifo, kazi ambayo baadaye ilishikwa na Taasisi ya Afya Ifakara. Wakati huohuo nchi nzima ilikuwa ikijifunza kulala ndani ya chandarua: Kilombero na Ulanga kulikuwa na vyandarua vya “Zuia Mbu”, kiwanda cha A to Z cha Arusha kikaanza kutengeneza vyandarua vyenye dawa ya kudumu, na mwaka 2004 ikaja Hati Punguzo, iliyomwezesha mama mjamzito kununua chandarua kwa bei nafuu.

Mafanikio hayo ndiyo yaliyoziacha wazi zile saa za kabla ya kulala. Ndani ya nyumba pakishalindwa, kuumwa nje kunabaki kuwa sehemu kubwa zaidi ya tatizo, na wataalamu haohao wa Ifakara wamelielekea. Wamejaribu vipande vya gunia vilivyolowekwa transfluthrin, dawa inayopanda hewani yenyewe, vikining'inizwa karibu na watu wanaokaa nje. Wakajaribu utepe wa dawa hiyo kwenye upenyo kati ya ukuta na paa. Na mwaka 2020 wakachapisha matokeo ya ndala zenye kipande cha gunia chenye dawa hiyohiyo. Ukitazama kwa makini, gunia la dawa na fungu la kivumbasi kwenye fito za dungu vinatumia mbinu moja: kuijaza hewa inayomzunguka mtu kitu ambacho mbu hakitaki. Maabara imeongeza nguvu na muda. Wazo lilikuwa limeshaning'inia pale.

Kukipanda hakuna siri. Bibi mmoja wa Bungu, ambaye ua wake umezungukwa na kivumbasi kutoka kisimani hadi jikoni, alinionyesha kwa kukwangua mashuke makavu kwenye kiganja na kupuliza makapi. Mbegu zilizobaki zilikuwa ndogo kama baruti. Huzifukii, alisema, unazimwaga juu ya udongo uliolainishwa, unazikandamiza kwa kiganja, unanyunyiza maji kwa mkono badala ya kumimina. Wakati mzuri ni mvua za vuli zinapoanza, au masika yenyewe. Kinataka jua la kutosha na samadi kidogo, na kwenye mchanga wa pwani kinahitaji maji ya ziada wakati wa kiangazi. Kikianza kutoa maua, unayakata, maana kikishazaa mbegu majani hupungua. Unaacha shina moja au mawili kwa ajili ya mbegu. Aina kubwa, Ocimum gratissimum, hukua ikawa kichaka cha kumfika mtu kifuani na kuishi miaka kadhaa, na hushika hata kwa kupanda tawi. Ile ndogo, americanum, hukauka ikishazaa, lakini hujimwagia mbegu yenyewe.

Bibi hukipanda pale watu wanapopita, ili nguo zikigusa majani harufu itoke. Karibu na dirisha. Kando ya benchi la barazani. Ninaongeza neno moja kwa wanaokaa mjini na kupanda kwenye vyungu: usiache kisahani chenye maji chini ya chungu. Aedes aegypti, mbu wa mchana anayeleta dengi, huzaliana kwenye kiasi hichohicho cha maji, na Dar es Salaam haijasahau milipuko ya mwaka 2014 na 2019.

Kuhusu mazalia, mkoa wa Pwani una kitu kingine cha kujivunia. Kibaha kuna kiwanda kilichojengwa kwa teknolojia ya Kuba na kufunguliwa mwaka 2015, kinachotengeneza dawa ya kibiolojia ya kuua viluwiluwi vya mbu kwa kutumia bakteria. Dawa hiyo hufaa palipo na madimbwi yanayohesabika. Delta haihesabiki; kila bamvu hutengeneza madimbwi mapya. Mwezi Aprili mwaka 2024 mafuriko yalipofunika mashamba na vijiji vya Rufiji na Kibiti, familia nyingi zilihama na kile walichoweza kubeba. Nyumba inapoondoka na maji, chandarua huondoka nayo.

Ninapofikiria nini kingeweza kufanyika hapa, nakumbuka Kakamega, magharibi mwa Kenya. Huko kikundi cha wakulima cha Muliru, kinachoishi kando ya msitu, kilianza kulima Ocimum kilimandscharicum, kukamua mafuta yake, na kwa ushirikiano na kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE kikatengeneza dawa ya kuchua iitwayo Naturub. Mwaka 2010 kikundi hicho kilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Kilichowafikisha pale ni shamba, mtambo wa kukamua, vipimo vya maabara na jina kwenye chupa. Kibiti ina jua na ardhi, na iko karibu zaidi na soko la Dar es Salaam kuliko Kakamega ilivyo karibu na Nairobi. Kinachokosekana ni mtu wa kuanza, na halmashauri ya kumuunga mkono.

Niliporudi Kibiti mjini nilipita kwenye vitalu vya miche kando ya barabara kuu. Palikuwa na miche ya mikorosho, michungwa, miembe na hata mauamaua ya kupamba nyumba. Nilimuuliza kijana anayeuza kama ana kivumbasi. Alinitazama kwa mshangao, akasema hicho hakiuzwi, kila mtu huchuma kwa jirani. Nikamwambia habari za Muleba na Kakamega, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo ningependa Ifakara wamjibu, wao wenye watu na vifaa hapo Ikwiriri: nyumba moja inahitaji mashina mangapi? Kwa wiki ijayo, alisema, angeanza na mifuko hamsini ya aina kubwa, aone kama watu wa mjini watanunua.